Kampa Ikigoma Porini: Dalili, Chanzo na Pa Kuanzia Kutafuta

Kampa ninayoizungumzia ni ile ya huku kwetu: Land Cruiser au lori dogo lililowekewa kitanda, jiko la gesi, friji, tenki la maji na betri ya pili, mara nyingi na hema juu ya paa. Zinakodishwa Arusha na Nairobi, na zipo familia zinazojitengenezea zao. Mjini haisumbui. Shida huanza lami inapoishia. Ukishapita lango la Lodoare kuingia Ngorongoro, kisha ukashuka kuelekea Naabi na Seronera kule Serengeti, njia imejaa vijituta vilivyopangana vinavyotikisa kila nati kwa saa nyingi mfululizo.

Kwa hiyo utafutaji wangu una utaratibu mmoja. Kifaa kikigoma, naanza na njia inayokilisha: waya, fyuzi, mpira, kiungo, chujio. Kifaa chenyewe huja mwisho. Gereji nyingi hufanya kinyume, zinabadilisha friji au pampu nzima, na kampa inarudi porini na ugonjwa uleule. Beba mita ndogo ya umeme, kipimo cha upepo wa tairi, fyuzi za akiba, mita chache za waya mnene, sabuni ya maji na vipande vya tyubu kuukuu. Ukikosa mita ya umeme, mengi ya yanayofuata utayafanya kwa kubahatisha.

## Friji inazima usiku, asubuhi nyama imelainika

Mchana gari likitembea friji inagandisha vizuri. Usiku inazima, au inawaka na kuzima kila baada ya dakika chache huku taa yake ikimetameta. Watu husema friji imekufa. Friji iliyokufa haigandishi hata mchana, kwa hiyo dalili hii pekee inatosha kuiondolea lawama.

Friji za kompresa za volti 12 zina ulinzi ndani yake: zikiona volti zimeshuka mno hujizima ili zisiimalize betri. Swali ni kwa nini inaona volti ndogo, na majibu ni mawili tu. Ama betri kweli imeisha, ama umeme unapotelea njiani.

Pima kwenye vichwa vya betri ya pili wakati friji inajaribu kuwaka, kisha pima mahali friji inapochomekwa. Betri ikionyesha 12.5 na kule kwenye friji ukasoma 11.6, betri haina kosa. Mkosaji mkubwa hapo ni waya mwembamba. Chukua waya wa milimita 1.5 za mraba, umbali wa mita 5 kutoka betri hadi friji. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10. Friji ikivuta ampea 5, waya huo unakula karibu volti 0.6. Waya wa milimita 6 za mraba kwa umbali huohuo unakula 0.15 tu. Na kompresa inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya ampea hizo, ndiyo maana inajaribu, inashindwa, inapumzika, inajaribu tena usiku kucha.

Mkosaji wa pili ni tundu la kiberiti cha gari. Plagi yake inashikiliwa na springi ndogo ambayo mtikisiko huilegeza. Iguse baada ya friji kufanya kazi dakika kumi. Ikiwa ya moto, umeme unapotea hapo kama joto, na siku moja plastiki itayeyuka. Ondoa tundu hilo kwenye njia ya friji kabisa, weka plagi nzito zinazobanana zenyewe, za aina ya Anderson. Mkosaji wa tatu ni ethi, yaani waya unaorudisha umeme kupitia bodi, iliyofungwa juu ya rangi. Kwangua mpaka uone chuma kinang'aa, kaza, kisha paka grisi juu ili pasishike kutu.

Ikiwa volti ni ndogo hata kwenye betri yenyewe, soma hali yake asubuhi, kabla jua halijagusa paneli na kabla ya kuwasha injini. Betri ya risasi na asidi iliyojaa huonyesha 12.6 au 12.7 ikiwa imepumzika. Kwenye 12.1 hadi 12.2 imebaki nusu. Ikifika 11.8 iko karibu tupu, na kuizoesha hali hiyo ndiko kunakoiua mapema. Betri za lithiamu hazisomeki hivyo: hukaa karibu na 13.2 muda mrefu sana kisha huanguka ghafla, kwa hiyo zenyewe zinahitaji kifaa kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Halafu piga hesabu, kwa sababu mara nyingine hakuna kilichoharibika. Friji ya lita 40 kwenye joto inaweza kula ampea-saa 30 hadi 40 kwa siku. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 usiitumie zaidi ya nusu. Ukikaa kambini siku mbili bila kuwasha gari na bila sola ya kutosha, friji itazima, na fundi hana cha kutengeneza. Kinachosaidia ni kupakia vitu vilivyokwisha kupoa, kutoingiza kreti la soda za moto jioni, na kuacha matundu ya kompresa yapumue. Mablanketi na mabegi yaliyosukumwa ubavuni mwa friji yanaifanya ifanye kazi bila kupumzika.

Kama friji yako ni ya gesi, ile isiyo na kompresa, chunguza kwanza kama gari limekaa sawa. Friji hizo hazipozi gari likiinama. Sogeza gari au weka ubao chini ya tairi, subiri saa kadhaa, ndipo uilaumu.

## Sola ipo, betri haijai

Paneli ya wati 100 kwa jua zuri la huku, ukitoa hasara za joto, vumbi na waya, hukupa kama ampea-saa 28 kwa siku. Linganisha na hesabu ya friji hapo juu na utaona kwa nini paneli moja haitoshi.

Baada ya hesabu, angalia kivuli. Kila mtu huegesha chini ya mgunga ili apate ubaridi, na tawi moja linalopita juu ya paneli hupunguza umeme kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa sababu seli zimeungwa kwa mstari na iliyozibwa huzikwamisha wenzake. Ukitaka kivuli cha kulala na jua la kuchaji kwa pamoja, paneli ya kukunja yenye waya mrefu mnene inafaa kuliko ile ya paani. Futa vumbi kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji.

Kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, ikionyesha volti za paneli lakini ampea sifuri wakati betri ina njaa, tafuta fyuzi iliyokatika kati ya kontrola na betri. Ukikata na kuunga upya, unga betri kwanza, paneli baadaye.

## Gari haliwaki asubuhi, na usiku ulitumia taa na friji tu

Vitu vya nyumbani vinatakiwa vile betri ya pili, na rilei, yaani swichi inayojiendesha kwa umeme, iitenge na betri ya kuwashia (ya mbele) injini ikizimwa. Ikiwa betri ya kuwashia imekufa, rilei imeganda au kuna mtu aliyeunga kitu mahali pasipo pake. Zima injini, subiri nusu saa, pima betri zote mbili. Kisha washa taa za ndani na friji kwa dakika chache na upime tena. Betri ya mbele ikishuka pamoja na ya nyuma, bado zimeshikana.

Kinyume chake pia hutokea: gari linatembea kutwa na betri ya pili haichaji. Injini ikiwa inazunguka, betri zote mbili zinatakiwa zisome kati ya 13.8 na 14.4. Ya mbele ikisoma 14.2 na ya nyuma ikabaki 12.4, fuata ule waya mnene kutoka mbele. Fyuzi yake kubwa imekatika, au rilei haijabana. Kwenye magari mapya ambayo kompyuta hupunguza nguvu za alteneta, rilei ya kawaida haifai. Hapo panahitajika chaja inayochukua umeme wa betri ya mbele na kuupandisha kabla ya kuupeleka nyuma.

Ukigeuza ufunguo ukasikia mlio mmoja tu huku taa za dashibodi zikibaki angavu, betri ina umeme. Angalia vichwa vyake. Unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto, kwangua, kaza. Baada ya vijituta vya Naabi, kichwa cha betri kilicholegea ndicho cha kwanza ninachoshuku.

## Pampu ya maji inanguruma, inajiwasha, au iko kimya

Pampu ya jikoni huwaka shinikizo likishuka na kuzima likipanda. Ukijua hivyo, dalili zake zinasomeka zenyewe.

Ikinguruma bila kukoma na maji yanatoka kwa kukohoa, tenki ni tupu au pampu inavuta hewa. Angalia mpira ulio kati ya tenki na pampu, hasa kile kichujio kidogo chenye kifuniko cha kuzungusha: mpira wake wa duara ukikaa vibaya, hewa inaingia bila tone la maji kutoka nje. Ikijiwasha yenyewe usiku kwa sekunde moja moja wakati bomba limefungwa, kuna mahali maji yanavuja baada ya pampu. Pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo. Itaonyesha unyevu ambao mkono hauhisi. Ikiwa kimya kabisa, anza na fyuzi, kisha swichi, kisha pima kama umeme unafika kwenye waya zake. Umeme ukifika nayo ikagoma, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi. Motor iliyokwama mara nyingi huachia.

Zima swichi ya pampu kila unapoondoka kambini. Kiungo kikiachia njiani huku pampu imewashwa, tenki zima litamwagikia kwenye godoro na nyaya.

Maji yakinuka, tenki na mipira imeota utando. Kwa tenki la lita 60 tumia mililita 90 hivi za dawa ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 3.5, isiyo na manukato. Jaza maji, fungua kila bomba mpaka harufu ya dawa itoke, acha usiku mmoja, mwaga, suuza mara mbili au tatu. Usichanganye na siki wala sabuni ya chooni, gesi inayotoka ni sumu. Na ujue klorini inaua vijidudu tu. Chemchemi na visima vingi vya maeneo ya Arusha na Meru vina floraidi nyingi, na hiyo haiondoki kwa dawa wala kwa kuchemsha. Kwa maji ya kunywa, hasa ya watoto, nunua yaliyosafishwa.

## Jiko la gesi: moto dhaifu, moto wa njano, harufu

Harufu kwanza. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama sakafuni mwa gari, chini ya kitanda. Ukiinusa, funga mtungi, fungua milango yote, toa watu nje, na usiguse swichi yoyote, hata ya taa. Hewa ikishasafika, fungua mtungi na upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu litakaloinuka ndilo jibu. Mpira wa gesi ulionyauka na wenye nyufa unabadilishwa siku hiyohiyo. Mtu asikushawishi kuufunga kwa utepe.

Moto dhaifu asubuhi kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulioko zaidi ya mita 2,200, si lazima uwe mtungi umeisha. Gesi yetu ni mchanganyiko wa propeni na biuteni, na biuteni huacha kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi sifuri. Mtungi mdogo unaopikia kwa muda mrefu kwenye baridi hujipoza wenyewe. Utie kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na moto utarudi. Usiupashe kwa moto kwa namna yoyote. Huko juu maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, kwa hiyo maharage yatakayogoma kuiva hayana uhusiano na jiko lako.

Moto wa njano unaoacha masizi sufuriani unasema gesi inapata hewa kidogo. Gari lililokaa miezi bila safari, chungulia ndani ya bomba la kichomeo: nyigu wa udongo hupenda kujenga humo. Safisha kwa brashi na hewa.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya kampa hata kwa kujipasha joto, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Sumu yake haina harufu, na inamkuta mtu amelala.

## Gari linachemsha

Mshale ukipanda, punguza mzigo kwenye injini: zima kiyoyozi, fungua hita ya ndani mpaka mwisho, simama ukiwa umeelekea upepo. Mvuke ukitoka kwa wingi, zima injini. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kabla ya nusu saa, na hata hapo kwa kitambaa kinene na kidogo kidogo.

Sasa uliza lilichemsha wapi. Kama ni kwenye nyasi ndefu baada ya mvua, mbegu zimeziba rejeta kwa mbele. Zing'oe kwa mkono na brashi laini, kisha pitisha maji kutoka upande wa injini kwenda nje, bila shinikizo kubwa linalokunja mapezi. Ukiwa hapo, lala chini uangalie bomba la moshi. Nyasi kavu zilizonasa juu yake huwaka, na gari linalowaka porini halizimwi. Wavu mwembamba mbele ya grili huzuia mbegu nyingi.

Kama linachemsha likipanda mlima polepole tu, shuku feni na mkanda wake. Kama linachemsha kwenye lami kwa mwendo mkubwa na likitembea taratibu linapoa, rejeta imeziba kwa ndani. Injini ikiwa ya moto na sehemu ya chini ya rejeta bado baridi, themostati imekwama. Maji yakipungua kila siku bila tone chini, huku moshi mweupe ukitoka na mapovu yakionekana mdomoni mwa rejeta, gasketi ya silinda hedi imekwenda. Usiendelee na safari ndefu.

Land Cruiser za injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na tabo, hupungukiwa nguvu na kutoa moshi mweusi kwenye miinuko ya kreta kwa sababu hewa ni nyepesi. Huo si ugonjwa. Rudi gia moja chini na upande taratibu. Nguvu zikipotea ghafla kwenye tambarare, hasa baada ya kununua dizeli ya madumu kando ya njia, fungua bomba dogo chini ya chujio la dizeli na utoe maji kwenye chupa inayoonekana ndani.

## Limeinama upande, au linatembea kimshazari

Pima kwa kipande cha mti umbali kati ya tairi na ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Tofauti ikiwa kubwa, chungulia springi: kipande kimoja cha chuma kimekatika. Ikiwa urefu ni sawa lakini tairi za nyuma hazifuati alama za mbele, senta bolti, ile inayoshikilia springi mahali pake juu ya ekseli, imekatika na ekseli imehama. Hilo ni la hatari zaidi, maana gari litakuendesha lenyewe.

Njia ya kukufikisha mjini: punguza mzigo, funga springi kwa mikanda ya tyubu iliyovutwa kwa nguvu na kuzungushwa mara nyingi, weka kipande cha mti mgumu kati ya ekseli na chesisi, tembea kilomita 20 kwa saa. Karatu kuna mafundi wa springi wanaofanya kazi hii kila siku kwa magari ya watalii.

Chanzo karibu kila mara ni uzito na mwendo. Lita 100 za maji ni kilo 100, ongeza hema, tairi mbili za akiba na madumu ya dizeli, vyote vikiwa juu ya paa. Teremsha vizito chini na katikati ya ekseli. Kuhusu mwendo, wapo madereva wanaosema ukienda 80 gari linaruka juu ya vijituta. Linaruka kweli, na tairi zikiwa hewani hazina breki wala usukani. Ndani ya Serengeti mwisho ni 50, na kwenye hifadhi za Kenya 40. Springi zako zinapenda pungufu ya hapo. Baada ya saa moja ya vijituta simama uzikaribishe kiganja shokapu zote nne bila kuzishika. Zinazofanya kazi zina moto. Iliyo baridi imekufa.

Tairi nazo zinasomeka. Ikilika katikati, umezidisha upepo. Ikilika pande zote mbili, umepunguza mno. Ikilika upande mmoja, miguu ya mbele haijanyooka. Kama nyuma unaweka upepo wa psi 45 kwenye lami, shuka hadi 35 hivi kwenye changarawe, na 20 kwenye mchanga mzito kwa mwendo wa kutambaa tu, kisha rudisha kabla ya lami. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Mchana zitaonyesha zaidi. Usizitoe upepo kwa sababu hiyo. Ukibadilisha tairi, kaza nati tena baada ya kilomita 50.

## Breki laini kwenye mteremko

Ukitoka Iringa kushuka Kitonga, au kwenye Sekenke kule Singida, kampa nzito huchosha breki haraka. Zikianza kunuka na pedali ikawa laini, simama mahali salama, weka mawe nyuma na mbele ya tairi, subiri zipoe zenyewe. Usimwagie maji diski za moto, zitapinda au kupasuka. Kisha shuka na gia nzito, ile ambayo ungeitumia kupanda, na ukanyage breki kwa vipindi badala ya kuziegemea.

Pedali ikirudi kuwa ngumu baada ya kupoa, tatizo ni joto, na pengine mafuta ya breki yamekaa mno. Hunyonya unyevu wa hewa na hivyo huchemka mapema. Badilisha kila miaka miwili. Gari likivuta upande mmoja, tafuta rimu iliyo ya moto kuliko nyingine, breki yake imekwama. Lakini pedali ikizama polepole hadi sakafuni gari likiwa limesimama na breki baridi, kuna kinachovuja. Hapo safari imeishia, hata kama mji unauona kwa macho.

## Usiku kambini

Kambi za umma za Seronera, kama Pimbi, Nyani na Dik Dik, hazina uzio. Fisi hupita kati ya magari, na hutafuna viatu, mipira ya maji na chochote cha plastiki kilichoachwa nje. Ukiamka ukakuta mpira wa kujazia maji umekatwa vipande, hakuna mwizi. Pika na kula kwenye banda la jikoni lenye wavu, kisha futa meza yako ya pembeni mwa gari mpaka isinuke. Matunda, hasa machungwa na ndizi, yasilale hemani. Tembo ana pua kali na bodi ya gari haimzuii. Nyani wanajua kufungua zipu na milango isiyofungwa kwa ufunguo.

Gari likikaa wiki moja mahali pamoja kisha taa moja au sensa ikaacha kufanya kazi, fungua boneti utafute nyaya zilizotafunwa na panya. Vumbi likijaa ndani kwa nyuma, badilisha mipira ya mlango wa nyuma, na ukitembea funga madirisha ya nyuma, fungua tundu la hewa la mbele ili hewa isukume kutoka ndani. Hema ulilolikunja na unyevu lifungue siku hiyohiyo ukifika, la sivyo litaota ukungu na mishono itaoza.

## Unapompigia fundi

Mpe dalili, usimpe jina la kifaa. "Friji inazima usiku, betri 12.5, kwenye plagi 11.6" inamfanya aje na waya. "Friji imekufa" inamfanya aje na bei ya friji. Mtumie picha ya kibandiko cha kifaa, aina ya injini, na mahali ulipo kwa jina la lango au kambi iliyo karibu, kwa sababu porini mtandao hukatika na unaweza usipate nafasi ya kupiga tena. Magari ya nje hayaruhusiwi kutembea hifadhini usiku, kwa hiyo piga asubuhi, mapema kadiri unavyoweza, na uwajulishe askari wa lango lililo karibu kwamba kuna fundi anakuja.